Flashi ikigoma kufunguka kwenye Linux, usikimbilie kuifomati

NI jambo linalowapata wengi. Mhasibu anafika ofisini asubuhi akiwa na flashi yenye hesabu za mwezi mzima, au mwanafunzi wa chuo kikuu anaingia maktaba na tasnifu yake yote ikiwa ndani ya kifaa kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Anakichomeka kwenye kompyuta inayotumia Linux, anasubiri, na hakuna kinachotokea. Au linajitokeza dirisha dogo likimwarifu kwamba kifaa hakikuweza kufunguliwa.

Katika hali hiyo, hatari kubwa mara nyingi haimo ndani ya flashi yenyewe, bali katika jambo la kwanza analolifanya mwenye flashi. Wapo wanaochomoa na kuchomeka mara ishirini. Wapo wanaomwita rafiki anayesifika kwa kujua kompyuta. Na wapo wanaopokea ushauri wa haraka kuliko yote, kwamba flashi ifomatiwe tu yaishe.

Ni kweli kwamba kufomati kunaweza kuirudisha flashi katika hali ya kutumika. Hata hivyo, kufomati hufuta orodha inayoonyesha mafaili yalipo, na kila kinachoandikwa baada ya hapo huzidi kuyafukia mafaili ya zamani. Flashi inapona, kazi ya miezi inapotea.

Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kutafuta kiini cha tatizo katika Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix bila kuhatarisha kilichomo. Kanuni inayotuongoza ni moja: kutazama kwanza, kunakili kunafuata, na kuandika au kurekebisha chochote ni jambo la mwisho.

Kupachika ni nini?

Unix ni mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na akina Ken Thompson na Dennis Ritchie. Tabia zake zimerithiwa na Linux, ambayo kiini chake kilitolewa kwa mara ya kwanza na Linus Torvalds mwaka 1991, pamoja na FreeBSD na mfumo wa kompyuta za Mac. Kwa wasomaji wa Kiswahili jina la Linux si geni, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha yetu.

Katika Windows, kila diski hupewa herufi yake: C, D, E na kuendelea. Katika Unix hakuna herufi. Mafaili yote ya kompyuta yamo katika mti mmoja unaoanzia kwenye shina liitwalo kwa alama ya mkwaju tu, yaani /. Diski mpya haionekani katika mti huo mpaka ifungwe kwenye tawi, yaani kwenye folda fulani. Kitendo hicho hufanywa kwa amri ya mount, nasi hapa tutakiita kupachika. Kinyume chake, yaani kupachua, hufanywa kwa amri ya umount.

Kwa kawaida kompyuta huifanya kazi hiyo yenyewe mara flashi inapochomekwa. Lakini ili ifanikiwe, flashi lazima ipite ngazi tano: ipate umeme na mawasiliano, itambuliwe na kiini cha mfumo, vigawanyo vyake vionekane, mfumo wake wa mafaili ueleweke, na mwisho pawepo mahali pa kuipachika pamoja na ruhusa ya kufanya hivyo. Ikikwama katika ngazi moja, zote zinazofuata hazifikiwi. Hivyo basi, kazi ya kwanza ni kujua imekwama wapi.

Ngazi ya kwanza: tundu, waya na umeme

Anza na mambo yanayoonekana kwa macho. Je, taa ya kifaa inawaka? Je, tundu la USB limejaa vumbi au limelegea? Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya mbele huunganishwa kwa waya wa ndani ambao aghalabu ndio wenye kasoro, hivyo jaribu tundu la nyuma. Ondoa pia kigawa-matundu chochote kilicho katikati, hasa kile kisicho na umeme wake chenyewe.

Ikumbukwe kuwa tundu la USB 2.0 hutoa umeme usiozidi miliampea 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Flashi hutosheka na kiasi hicho, lakini diski kubwa ya nje yenye sahani zinazozunguka huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Diski inayolia "tik, tik" kisha kunyamaza huenda inakosa nguvu, au huenda imeanza kufa. Ijaribu mara moja kwenye tundu jingine. Ikiendelea kulia, izime na usiendelee.

Kwa diski za nje, badilisha waya. Baadhi ya nyaya zinazouzwa kwa ajili ya simu zimetengenezwa kuchaji tu na hazipitishi data. Mwisho, jaribu kifaa kwenye kompyuta nyingine. Kikikataliwa na kompyuta mbili tofauti, uzito wa shaka unahamia kwenye kifaa chenyewe.

Sasa fungua dirisha la amri na uandike:

lsusb

Amri hii huorodhesha kila kifaa cha USB kinachosikika. Iandike kabla ya kuchomeka flashi, kisha baada ya kuichomeka. Mstari mmoja ukiongezeka, ngazi ya kwanza imepita.

Ngazi ya pili: sikiliza kiini kinasema nini

Kiini cha Linux huweka kumbukumbu ya kila kinachokipata. Kuitazama kumbukumbu hiyo ikiandikwa, chomoa flashi, andika amri ifuatayo, kisha chomeka tena:

sudo dmesg -w

Neno sudo humaanisha kwamba amri inatekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, nawe utaulizwa nywila. Kwa flashi iliyo salama utaona mistari kadhaa ikifuatana: kwamba kifaa kipya cha USB kimeonekana, kwamba ni kifaa cha kuhifadhi data, kisha ukubwa wake na jina lililopewa, kwa mfano sdb, na hatimaye kigawanyo chake, sdb1. Bonyeza Ctrl na C kwa pamoja ili kutoka.

Ikiwa hakuna mstari wowote unaotokea, rudi ngazi ya kwanza. Ukiona maneno "device descriptor read/64, error -71", maana yake ni kwamba mazungumzo kati ya kompyuta na kifaa yamevurugika. Namba -110 humaanisha kwamba kompyuta imesubiri jibu hadi muda ukapita. Hali zote mbili huelekeza kwenye waya, tundu, umeme hafifu, au kifaa kinachokufa.

Ikiwa kifaa kinaonekana katika lsusb lakini hakipewi jina kama sdb, huenda draiva ya vifaa vya kuhifadhi haijapakiwa. Ipakie hivi:

sudo modprobe usb-storage

Ukijibiwa kwamba draiva hiyo haipo, jiulize kama kompyuta ilisasishwa hivi karibuni bila kuwashwa upya. Katika baadhi ya matoleo ya Linux, kusasisha kiini huondoa draiva za kiini cha zamani ambacho bado ndicho kinachofanya kazi. Dawa yake ni kuizima na kuiwasha kompyuta, basi.

Kwa kompyuta za ofisini, yapo maelezo mengine. Wasimamizi wengi wa mifumo huizuia draiva hiyo kwa makusudi, kwa kuweka maelekezo katika folda ya /etc/modprobe.d, ili data za ofisi zisitoke na virusi visiingie. Hiyo si hitilafu bali ni utaratibu wa kazi, na njia sahihi ni kumwona msimamizi, si kuuzunguka mlango alioufunga.

Ipo pia kasoro inayozisumbua diski za nje za USB 3.0: zinatambuliwa, kisha zinakatika na kuunganishwa tena bila kikomo, na kumbukumbu inajaa neno uas. Hiyo ni njia ya mawasiliano ya kasi ambayo baadhi ya diski haziifuati ipasavyo. Tazama namba ya utambulisho wa diski katika lsusb, tuseme 1234:5678, kisha tengeneza faili lenye jina linaloishia na .conf ndani ya /etc/modprobe.d na uandike humo mstari huu ukiweka namba yako:

options usb-storage quirks=1234:5678:u

Kwa Debian na Ubuntu, fuatisha amri ya sudo update-initramfs -u, kisha washa kompyuta upya. Diski itatumia njia ya zamani, yenye kasi ndogo kidogo lakini tulivu.

Maneno "No medium found", au ukubwa unaosomeka kuwa sifuri, yana sura mbili. Kama kifaa ni kisoma kadi, huenda hakina kadi ndani. Kama ni flashi, mara nyingi chipu inayoisimamia imepoteza mawasiliano na kumbukumbu yake. Hapo hakuna amri itakayosaidia. Kilichobaki ni kazi ya fundi wa kuokoa data.

Ngazi ya tatu: vigawanyo

Kama kifaa kimepata jina, andika:

lsblk -f

Utapata orodha ya diski zote, vigawanyo vyake, aina ya mfumo wa mafaili, jina la kigawanyo, na katika safu ya mwisho folda ambamo kimepachikwa. Kwa mfano:

sda
└─sda1 ext4 /
sdb
└─sdb1 vfat HESABU

Hapa sda ni diski ya kompyuta yenyewe, na sdb ndiyo flashi. Katika kompyuta nyingi mpya diski ya ndani huitwa nvme0n1, na hapo flashi yaweza kuwa sda. Usikisie. Linganisha ukubwa kwa amri ya lsblk peke yake, na ukiwa na shaka chomoa flashi uone jina lipi linatoweka. Herufi moja iliyokosewa katika hatua zinazofuata yaweza kuifuta kompyuta nzima badala ya kuiponya flashi.

Kama safu ya mwisho ina njia ya folda, flashi tayari imepachikwa na kinachokosekana ni alama yake kwenye skrini. Ifuate katika /media, au katika /run/media kwa watumiaji wa Fedora.

Kama sdb ipo bila sdb1, tazama iwapo aina ya mfumo wa mafaili imeandikwa mbele ya sdb yenyewe. Baadhi ya flashi hazina vigawanyo, nazo hupachikwa kwa jina la /dev/sdb. Ukiona neno iso9660, kuna uwezekano kwamba flashi iliwahi kutumika kusimika mfumo wa kompyuta, na kilichokuwa mwanzoni mwake kimefunikwa. Kama hakuna chochote kinachoandikwa, jedwali la vigawanyo huenda limeharibika, na utahitaji sehemu ya uokoaji iliyo mbele.

Ngazi ya nne: mfumo wa mafaili

Mfumo wa mafaili ni utaratibu wa kupanga data ndani ya diski, kama vile maktaba inavyopanga vitabu. Kila aina ina tabia zake.

Aina ya vfat, ijulikanayo pia kama FAT32, husomwa na karibu kila kompyuta. Upungufu wake ni kwamba faili moja haliwezi kufika GB 4.

Aina ya exfat ilianzishwa na Microsoft mwaka 2006 na hutumika katika flashi kubwa na kadi za kamera zinazozidi GB 32. Microsoft ilichapisha maelezo yake ya kiufundi mwaka 2019, na draiva iliyokamilika ikaingia katika kiini cha Linux toleo la 5.7 mwaka 2020. Kompyuta yenye kiini cha zamani zaidi itajibu kwamba haiijui aina hiyo. Humo sharti isimikwe programu ya exfat-fuse. Kiini kinachotumika hujulikana kwa amri ya uname -r.

Aina ya ntfs ni ya Windows. Linux huisoma na kuiandika kwa programu ya ntfs-3g, au kwa draiva ya ntfs3 iliyoingia katika kiini toleo la 5.15 mwaka 2021. Tatizo lake la kawaida ni kwamba Windows yenye mtindo wa kuwaka haraka huwa haizimi kabisa, bali hulala huku ikiwa bado imeishika diski. Linux ikiliona hilo, hukataa kuipachika au huruhusu kusoma tu. Irudishe diski kwenye Windows ileile, shikilia kitufe cha Shift unapoizima, kisha ichomoe baada ya kompyuta kuzima kabisa.

Neno crypto_LUKS au BitLocker humaanisha kwamba diski imefungwa kwa nywila. Skrini za kisasa za Linux huiuliza nywila zenyewe. Kwa amri, cryptsetup hufungua aina zote mbili, ile ya BitLocker kuanzia toleo la 2.3. Bila nywila wala ufunguo wa akiba, hakuna mlango wa nyuma.

Mwisho, hfsplus na apfs ni za kompyuta za Mac. Kwa apfs, ambayo haimo katika kiini cha Linux, njia iliyo nyepesi ni kuipeleka kwenye Mac na kunakili mafaili kwenye flashi ya exfat.

Ngazi ya tano: kupachika kwa mkono

Sasa jaribu kuipachika mwenyewe, kwa kusoma tu:

sudo mkdir -p /mnt/flashi
sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/flashi

Herufi ro huzuia uandishi. Kwa ext4, ambayo ni aina ya Linux yenyewe, andika ro,noload ili hata kumbukumbu yake ya ndani isiguswe. Ikikubali, usishangilie kwanza, bali nakili mara moja:

mkdir -p ~/nakala
cp -r /mnt/flashi/. ~/nakala/

Jambo moja huwafurahisha wengi hapa. Flashi ambazo virusi vya Windows vimeficha folda zake na kuacha njia za mkato tu, katika Linux huonyesha folda zote wazi, kwani alama hiyo ya kuficha haizingatiwi. Mafaili hayakuwa yamefutwa.

Ikikataa, jibu la kompyuta lenyewe ni ushahidi. "Must be superuser" humaanisha umesahau sudo. "Mount point does not exist" ni kwamba folda ya kupachikia haijatengenezwa. "Special device does not exist" ni kwamba jina limebadilika baada ya kuchomoa na kuchomeka, hivyo rudia lsblk. "Unknown filesystem type" inakurudisha ngazi ya nne. "Already mounted" ni kwamba kazi imeshafanyika au folda hiyo inatumika.

Jibu refu linalotaja "wrong fs type, bad option, bad superblock" ndilo linalotisha zaidi, lakini halina maana moja. Soma mara moja mistari ya mwisho ya kumbukumbu kwa sudo dmesg | tail. Mistari hiyo ndiyo itakayosema kama draiva haipo, kama mfumo wa mafaili umeharibika, au kama flashi inashindwa kusomeka.

Aidha, kagua faili la /etc/fstab. Mstari wa zamani unaoitaja /dev/sdb1 kwa ajili ya diski iliyokwisha kuondoka huweza kuikwaza kila flashi inayopewa jina hilo. Weka alama ya # mwanzoni mwa mstari huo. Kama unahitaji mstari kwa diski yako ya kudumu, tumia namba ya UUID inayoonyeshwa na lsblk -f badala ya jina, na ongeza neno nofail ili kompyuta isikwame inapowaka bila diski hiyo.

Inafunguka lakini haiandikiki

Flashi za vfat na exfat hazihifadhi umiliki wa mafaili, hivyo aliyeipachika kwa sudo ndiye anayekuwa mmiliki. Ipachue, kisha ipachike kwa jina lako, baada ya kuijua namba yako kwa amri ya id -u:

sudo mount -o uid=1000 /dev/sdb1 /mnt/flashi

Njia nyepesi zaidi, isiyohitaji sudo katika kompyuta nyingi za mezani, ni udisksctl mount -b /dev/sdb1.

Kwa kadi za kamera, tazama kitufe kidogo cha pembeni kinachozuia uandishi. Na kama kumbukumbu ya kiini inasema "Write Protect is on" wakati flashi haina kitufe chochote, huenda chipu yake imejifunga baada ya kuchakaa. Hiyo ni fursa ya mwisho ya kunakili, si mwaliko wa kutafuta njia ya kuilazimisha.

Uokoaji: picha kwanza, matengenezo baadaye

Ukiona maneno "I/O error", au mfumo wa mafaili umeharibika na ndani yake mna kitu usichokuwa na nakala yake, usiirekebishe flashi yenyewe. Tengeneza picha yake yote, neno kwa neno, katika diski yenye nafasi isiyopungua mara mbili ya ukubwa wa flashi. Programu ya ddrescue, ambayo katika Debian na Ubuntu husimikwa kwa jina la gddrescue, huruka sehemu mbovu kwanza na kuzirudia baadaye:

sudo ddrescue -d /dev/sdb picha.img picha.map

Flashi iwe imepachuliwa wakati huo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, rudia amri ileile. Faili la picha.map litaikumbusha ilipofikia. Ikikamilika, iweke flashi kando na ufanye kazi kwenye nakala ya picha hiyo:

cp picha.img kazi.img
sudo losetup -f -P --show kazi.img

Amri hiyo ya mwisho itataja jina kama /dev/loop0, na kigawanyo chake kitakuwa /dev/loop0p1. Kwa vfat, kague kwanza bila kubadilisha chochote, kisha urekebishe:

sudo fsck.vfat -n /dev/loop0p1
sudo fsck.vfat -a /dev/loop0p1

Kwa exfat tumia fsck.exfat, na kwa ext4 tumia e2fsck -f. Ikiwa e2fsck itasema maelezo makuu ya diski hayasomeki, ongeza -b 32768 ili isome nakala ya akiba ambayo kwa kawaida huwekwa mahali hapo. Kwa ntfs, programu ya ntfsfix hufanya machache. Ukaguzi kamili ni ule wa chkdsk ndani ya Windows. Kamwe usikague mfumo wa mafaili ambao umepachikwa, kwani ukaguzi huo wenyewe waweza kuuharibu.

Ikishindikana, zipo testdisk, inayotafuta vigawanyo vilivyopotea, na photorec, inayokusanya mafaili kwa kutambua maumbo yake. Photorec huokoa picha, nyaraka na sauti hata baada ya kufomati, ilimradi hazijafunikwa, lakini huzirudisha bila majina yake ya awali. Sharti data zinazookolewa ziwekwe kwenye diski nyingine, si kwenye kifaa kinachookolewa.

Kwa watumiaji wa FreeBSD na Mac

Katika FreeBSD flashi huitwa da0, na kigawanyo chake mara nyingi da0s1. Tazama kwa camcontrol devlist na gpart show da0, kisha pachika:

mount -t msdosfs -o ro /dev/da0s1 /mnt

Katika Mac, ambayo mfumo wake ulithibitishwa rasmi kuwa Unix kuanzia toleo la 10.5 la mwaka 2007, tumia diskutil list kisha diskutil mount pamoja na jina la kigawanyo. Mac huisoma ntfs lakini kwa kawaida haiiandiki, hivyo diski inayokataa kupokea mafaili si lazima iwe mbovu.

Kinga ni bora kuliko tiba

Sehemu kubwa ya matatizo haya huanzia siku flashi ilipochomolewa, si siku ilipochomekwa. Linux haiandiki kila kitu papo hapo. Huhifadhi sehemu katika kumbukumbu ya kompyuta na kuiandika baadaye kidogo. Dirisha la kunakili laweza kufungwa huku nusu ya faili ikiwa bado haijafika. Ndiyo maana ipachue kwanza, kwa kitufe cha kuondoa kwenye skrini au kwa umount /mnt/flashi, na usubiri amri imalize. Ukiambiwa "target is busy", kuna programu bado inaitumia. Itafute kwa sudo fuser -vm /mnt/flashi, uifunge, kisha urudie.

Jihadhari pia na flashi za bei ya kutupa zinazotangaza ukubwa usio wa kweli. Huonekana kuwa nzima, lakini zikishavuka ukubwa wake halisi mafaili mapya hupotea au huyafuta ya zamani. Flashi mpya, ingali tupu, ipachike kisha ijaze kwa f3write na uikague kwa f3read kabla ya kuikabidhi kitu cha thamani.

Na zaidi ya yote, flashi ni chombo cha kusafirishia, si ghala. Hesabu za ofisi au tasnifu iliyopo mahali pamoja tu imeshawekwa rehani. Weka nakala ya pili nyumbani na ya tatu kwingineko, na siku flashi itakapogoma, utaweza kuzifuata hatua hizi kwa utulivu. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Na katika kuokoa data, msemo huo ndio unaotenganisha mwenye mafaili na aliyebaki na flashi tupu.